Ulaini wa chupa si uzima wa nywele

Ukitoka Voi kupanda Mbololo wakati wa kiangazi, unafika na vumbi jekundu kichwani na nywele kavu kama makuti. Si ajabu basi kuwa chupa za kandishina zinapata wanunuzi, hasa zile zinazodai "kulisha" nywele na "kufufua" zilizokatika.

Madai hayo si ya kweli, na wakati umefika tuyakatae.

Soma maandishi madogo nyuma ya chupa. Mara nyingi utakuta jina refu linaloanza na herufi p-o-l-y-q-u-a-t. Hiyo ni polikwateniamu, polimeri inayotengenezwa viwandani. Unywele ulioharibika huwa na chaji hasi ya umeme, nayo polimeri hii ina chaji chanya. Viwili hivyo huvutana, kwa hivyo polimeri hubaki imeufunika unywele hata baada ya kusuuza. Kichana hupita bila kukwama. Katika losheni na sabuni za maji, huifanya ngozi ionekane laini vivyo hivyo.

Sisemi ni sumu. Kwa watu wengi haina madhara. Lakini hilo ni koti, si chakula. Unywele uliokwisha kutoka nje hauna uhai, sawa na ukucha. Utaulishaje? Uhai uko kwenye mzizi, ndani ya ngozi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba koti hilo huficha maradhi. Mama ananyoosha nywele kwa dawa yenye magadi makali. Zikianza kukatika, anaongeza kandishina, zinang'aa, naye anarudi saluni. Mwingine anasukwa kwa kubanwa mno hadi nywele za kando ya paji zinang'oka. Akiacha mapema, huenda zikaota tena. Akichelewa, mzizi hufa na kovu hubaki. Hapo hakuna chupa itakayomsaidia.

Kwa hivyo nunua kandishina kama unavyonunua kichana: kurahisisha kazi, tena kwa bei nafuu. Hakikisha ina alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Mafuta ya nazi nayo yasidharauliwe, kwani huingia ndani ya unywele na kupunguza uharibifu wakati wa kuosha. Ngozi ya kichwa ikiwasha au upara ukianza kuingia, mwone daktari kabla ya msusi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.