BAO LISIFUKUZWE PAMOJA NA KAMARI

Ndugu wafanyakazi wenzetu,

Katika mkutano uliopita wa tawi letu lilitolewa shauri kwamba michezo yote ikatazwe katika banda la kupumzikia: bao, drafti, karata, na ile michezo ya simu pia. Shauri hilo halikupigiwa kura, maana saa zilikuwa zimekwisha na watu wa zamu ya usiku walikuwa wakiondoka. Litarudi mkutano ujao. Sisi wa genge la njia tumelifikiri huku tukibadilisha mataruma, na twaomba nafasi katika ukurasa huu tuseme neno letu mapema, kwa sababu mkutanoni mwenye sauti kubwa ndiye husikiwa, na wengi wetu sauti zimekwisha kwa vumbi la kokoto.

Kwanza tukiri. Shauri hilo limezaliwa na aibu yetu wenyewe. Genge letu ni watu 14, na kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 200 za mfuko wa mazishi. Mweka hazina tulimchagua sisi. Ni mtu mwema, hanywi, na Jumapili huimba kanisani. Akaanza kubeti mpira kwa simu. Mara ya kwanza alitumia pesa za mfuko akashinda, akaja akatuambia kwamba mfuko umezaa shilingi 4,000. Je, tulimkemea? Hapana. Tulipiga makofi. Mmoja wetu alisema huyu ndiye mweka hazina tuliyekuwa tukimngoja siku zote. Miezi saba baadaye mke wa mwenzetu akafariki, tukaenda kuchukua pesa, tukakuta shilingi 640. Jeneza tulilichukua kwa deni. Mwili ulikaa mochari siku tisa, na kila siku ina ada yake, na mwenzetu yule alikuwa anakuja kazini, maana nyumbani hakuwa na la kuwajibu wakwe.

Basi walio na hasira tunawaelewa. Lakini hasira imechanganya mambo matatu ambayo hayafanani, nasi tumeyacheza yote matatu, tena tumelipa karo.

Tuanze na pata potea. Zamani kidogo, tulipokuwa vibarua wa kontrakta mmoja na bado twalipwa mkononi kwa bahasha, jioni ya mshahara mtu mmoja alikuwa akikaa karibu na stesheni na katoni lake na karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu. Ukiipata nyekundu analipa mara mbili. Tulisimama tukatazama. Mtu mmoja mwenye ovaroli kama zetu akashinda, akashinda tena. Halafu mwenye karata akageuza kichwa kuitana na muuza njugu, na yule mwenye ovaroli akaikunja kidogo pembe ya karata nyekundu, akatukonyeza. Sasa tulikuwa na hakika. Tulitoa bahasha. Karata yenye pembe iliyokunjwa ilipogeuzwa ilikuwa nyeusi, kwa maana mikono ile ilikuwa imekwisha kuinyoosha moja na kuikunja nyingine. Ovaroli hatukumwona tena, mpaka mwezi uliofuata tulipomwona stesheni ya pili, akishinda.

Tulilojifunza hapo si kwamba mikono yake ni myepesi. Hilo kila mtoto anajua. Tulijifunza kwamba ujanja haukuwa katika karata hata kidogo. Ulikuwa katika watu waliosimama kando yetu. Tena tulijifunza jambo la aibu zaidi, kwamba hatukuibiwa kwa ajili ya ujinga wetu, bali kwa sababu tulifikiri sisi ndio tunaomwibia mwenye karata.

Na somo lile lilitufaa. Mwaka uliofuata kontrakta yule yule alitaka tutie sahihi karatasi mpya ya kazi isiyokuwa na malipo ya saa za ziada. Hakutuita pamoja. Alimtuma mtu kwa kila mmoja wetu peke yake, jioni, na maneno yalikuwa ni yale yale: "Wenzako wote wamekwisha tia sahihi, umebaki wewe tu, na wewe nimekuwekea nafasi nzuri." Mmoja wetu akasema, "Huyu ni ovaroli." Tukaulizana usiku ule ule katika landi, mlango kwa mlango, tukaona kwamba hakuna hata mmoja aliyetia sahihi. Karatasi zile zilirudi tupu.

Sasa kamari. Hapa twataka kwenda polepole, maana watu wengi husema kamari ni bahati, na bahati ni ya Mungu, na kwa hiyo hakuna hesabu. Hesabu ipo, na mtu aliyefika darasa la saba aweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Chukua mchezo wa pande mbili zilizo sawa kabisa, kama kurusha sarafu. Mwenye duka la kamari, kwa mfano, atakulipa 190 kwa kila 100 uliyotia, ukishinda. Tia 100 upande huu na 100 upande ule. Umetoa 200. Upande wowote ukishinda wapokea 190. Kumi zimekwenda kwake, na yeye hakutabiri kitu, wala hakuomba timu yoyote ishinde. Mtu akianza na shilingi 1,000 akaizungusha yote namna hiyo mara kumi, kwa wastani hubakiwa na kama 600. Twasema kwa wastani, maana mmoja atapata nyingi akapigwa picha, na wengine watarudi nyumbani kwa miguu.

Halafu kuna ule mkeka wa mechi nyingi, ambao ndio uliommaliza mwenzetu. Kila mechi ina njia tatu: kushinda, kushindwa na sare. Mechi kumi zina njia 59,049, nawe umechagua moja. Ni kweli njia hizo hazina uzito mmoja, kwa sababu timu kubwa hushinda mara nyingi kuliko ndogo. Lakini mwenye duka alilijua hilo kabla yako, na malipo yake amekwisha kuyapunguza. Mwenzetu alikuwa akituonyesha kwa furaha kwamba amepata mechi tisa katika kumi, imeharibika moja tu. Alidhani yuko karibu. Katika mchezo ule tisa na sifuri hulipwa sawasawa.

Nchi hii ina sheria ya kamari tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya. Hatusemi sheria haina kazi. Lakini sheria haiingii chini ya blanketi pamoja na simu saa nane ya usiku, na huko ndiko fedha za mazishi zilikokwenda.

Wako wenzetu wa dini wanaosema kila kura ni ya shetani. Nasi tulisoma shule ya misheni, tukafundishwa kwamba askari waliligawa vazi la Bwana kwa kura. Lakini katika kitabu hicho hicho mitume walipiga kura wakampata Mathiya. Genge letu hupiga kura kila mwaka kujua nani atakwenda likizo ya Krismasi na nani atabaki na njia, vikaratasi 14 ndani ya kofia, na hakuna aliyewahi kugombana, kwa sababu kofia haikati kumi zake. Swali letu kwa mchezo wowote wa bahati ni hilo tu: nani ameshika kofia, na anachukua ngapi?

Basi tufike kwenye bao, ambalo ndilo hasa limetufanya tushike kalamu.

Wengine katika tawi letu hulijua kama ajua, wengine kama giuthi, na kila watu wana mashimo yao na sheria zao. Sisi twacheza lile la pwani, kwa sababu mzee aliyetufundisha alikuwa mtu wa Mombasa. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32. Unapoanza, kete zako kumi tu ziko ubaoni. Ishirini na mbili ziko mkononi, na unazitoa moja moja kila zamu. Kijana mgeni huona mambo yote yako ubaoni. Mzee huangalia ubao, kisha huangalia zilizobaki mkononi. Tumewaona wajumbe wa wafanyakazi wakiingia katika mazungumzo ya mishahara na kutoa kila hoja walizo nazo siku ya kwanza asubuhi, na baada ya chai hawana jingine ila kurudia.

Tena katika bao hakuna kilichofichwa. Kete zote waziona, na za adui waziona. Bahati haimo wala karata ya mkononi haimo. Hata hivyo unadanganywa, na unadanganywa na tumbo lako mwenyewe, kwa sababu sheria ni kwamba ukiweza kula lazima ule. Fundi hukuwekea kete nne nono mbele yako. Unazila kwa furaha, unazisambaza upande wako, na zamu inayofuata anazirudisha zote pamoja na za kwako. Mzee wetu alikuwa akicheka kabla hatujamaliza kusambaza. Tumekumbuka kicheko kile mara nyingi tulipoletewa nyongeza ndogo ya upesi yenye masharti nyuma yake. Tofauti ni kwamba mezani hakuna sheria ya kula kwa lazima, nasi hula.

Jambo la nyumba ndilo kubwa zaidi. Katika mstari wa mbele kila mchezaji ana shimo moja liitwalo nyumba, na ndilo lenye kete nyingi tangu mwanzo. Lina nguvu, likisafirishwa kwa wakati wake laweza kumaliza mchezo. Lakini adui akiila nyumba ingali imejaa, kwa kawaida umekwisha, hata kama mashimo mengine yote yako salama.

Wazee wa vyama vya wafanyakazi katika nchi hii waliliona jambo hilo kwa macho. Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wengine wengi, kama 15,000, waliacha kazi muda wa siku kumi na mbili. Serikali ikalazimika kuunda baraza la kutazama mishahara, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Kiongozi wao aliyejulikana kuliko wote alikuwa Chege Kibachia, wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikamatwa, akapelekwa Baringo kuwekwa huko, na shirikisho likadhoofika upesi. Mwaka 1950, mwezi wa Mei, wakakamatwa Makhan Singh na Fred Kubai. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa ajili yao, lakini Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Hatuwalaumu mashujaa hao. Walibeba kwa sababu wengine hawakubeba. Twasema tu kwamba waliokuwa wakitutawala walikuwa wakiujua mchezo: hawakuhangaika na mashimo madogo, walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba.

Na sisi genge la watu 14, miaka yote hii baadaye, tuliweka kete zetu zote katika shimo moja, mtu mmoja, simu moja, namba moja ya siri. Hakuna hata mwaka mmoja tulioomba kuona hesabu. Ndiyo maana tulisema aibu ni yetu.

Tena tazameni tofauti hii. Bao halichezwi peke yako. Wanasimama watu sita kando, na watazamaji wa bao hawanyamazi. Ukicheza vibaya wanakutukana mama yako mdogo. (Twaomba radhi, lakini ndivyo ilivyo.) Mtu hawezi kuliwa kwa siri. Simu inachezwa chooni. Ukiondoa bao katika banda, yule kijana aliyekuwa akikaa saa ya chakula akiliwa kete mbele za watu atakaa pembeni na simu yake, na hakuna atakayejua anatoa nini.

Hatusemi bao ni malaika. Lina wizi wake wa saa, na mmoja wetu aliwahi kuachwa na kiberenge kwa sababu alikuwa bado anasambaza. Na ubao ukiwekewa pesa huacha kuwa bao; hilo likatazwe, nasi tutainua mikono ya kwanza. Beti ya simu ikatazwe ndani ya banda na saa za kazi. Mfuko wowote wa wanachama uwe na watu watatu wa kutia sahihi, na daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, mbele ya wote, hata kama zimeingia shilingi 200 tu. Hayo tumekwisha kuyaanza katika genge letu tangu mwezi jana.

Kuhusu mweka hazina, wengine wametaka ashitakiwe, wengine afukuzwe chama. Tumekubaliana naye kwa maandishi kwamba atalipa 1,500 kila mwezi, na mwenye msiba alipwe kwanza. Amekwisha kulipa mara mbili. Simu yake ya zamani aliiuza. Saa ya chakula huja kukaa nasi bandani, na tunamcheza bao, na tunamla vibaya sana, maana bado ana haraka ya kula kila anachokiona.

Mkutano ni Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana. Wenye zamu ya usiku waje kabla hawajalala.

Ni sisi,
Wa genge la njia