Mashimo 18 ya nini, wakati ngoro tunazo?

Leo nimechafukwa, nawaambia mapema kabisa.

Wiki hii kantini limeibuka tena lile wazo. Kwamba sasa lami imefika Mbamba Bay, bandari mpya inazungumzwa kila kona, basi Ziwa Nyasa likitaka watalii wa maana lijengewe uwanja wa gofu. Eti mtalii mwenye hela haji kutazama maji na usipa. Eti tuige wenzetu wa pwani. Sisemi kuna ramani iko mezani kwa mtu. Nasema wazo lenyewe linapendwa na watu wengi, wakiwemo watoto wa Mbinga wenzangu, na wazo likishapendwa ramani haikawii.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na gofu. Inachezwa Lugalo, inachezwa Morogoro, Moshi, hata Mufindi katikati ya chai, na kuna vijana walioanza kwa kubeba mifuko ya fimbo wakaishia kuwa wachezaji wenyewe. Safi kabisa. Ugomvi wangu ni ufukwe wa Nyasa.

Haya, twende hiyo pwani mnayoisifia. Vipingo, Kilifi, wana uwanja wa mashimo 18 ndani ya eneo la ekari 2,500 hivi lililokuwa shamba la mkonge. Mwaka 2019 walianza kupokea mashindano ya kina dada wa ligi ya Ulaya. Na tuwe wakweli, nyasi zile zilichukua nafasi ya mkonge, sio ya msitu. Lakini jiulize: pwani ya Kenya ilijulikana kwa nyasi? Watu walianza kwenda Malindi, Diani na Lamu kwa sababu ya bahari na miji ya kale, miaka mingi kabla ya Vipingo. Gofu ilikuja juu ya mgongo wa Mombasa, ambako ndege zinatua na hoteli zimejaa. Gofu inafuata watalii, haiwaleti. Mbamba Bay ina mgongo gani wa kubeba kitu kama hicho?

Tuje Unguja. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alitoa matokeo yake kuhusu maji kwenye hoteli za pwani ya mashariki. Mtalii mmoja alikuwa anatumia wastani wa lita 685 kwa siku. Mnadhani alikuwa anaoga siku nzima? Wapi! Karibu nusu ya maji ya hoteli ilikuwa inamwagiliwa bustani. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern likatoa ripoti ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani: kaya nzima ya mwanakijiji lita 93 hivi kwa siku, chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Hayo ni maua na vipande vya nyasi tu. Uwanja wa mashimo 18 unakula hekta 50 kwenda juu, na zote zinataka kuwa kijani hata mwezi wa kumi.

Najua jibu lenu: "Wewe, Nyasa ni ziwa, maji yatakwisha lini?" Sawa. Maji hayatakwisha. Tatizo la Nyasa sio maji yanayovutwa, ni yale yanayorudi.

Hapa naomba mnisikilize taratibu. Ziwa letu lina kina kinachopita mita 700, lakini chini ya mita 200 na ushee hakuna oksijeni. Samaki wote wanabanana tabaka la juu. Halafu mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Shire, kule Malawi. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Nyasa inaondoka kama mvuke. Na mvuke haubebi mbolea! Kila kitu unachokitia mle kinakaa mle. Sasa weka pembeni yake hekta 50 za nyasi zinazolishwa mbolea na kupuliziwa dawa ya wadudu na magugu, halafu ngoja mvua za masika.

Mtasema hata kahawa yetu huko milimani inatiwa mbolea, na inateremka na mito. Kweli kabisa. Ndiyo maana tusiongeze mzigo mwingine pale pale mlangoni. Tena wa kahawa unalipa karo zetu. Wa nyasi unamlipa nani?

Kwenye miamba ya Pombo na Ndumbi, upande wetu huu, kuna samaki mdogo wa mistari ya bluu na nyeusi, wanasayansi wanamwita demasoni. Urefu wake haufiki kidole. Huko Ulaya na Marekani watu wanamfuga kwenye matangi ya kioo sebuleni, wanamfahamu kwa jina. Kwao porini ni hapa kwetu tu, kwenye miamba hiyo. Na huyo ni mmoja kati ya aina mia kadhaa za samaki wa ziwa hili ambazo hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Wengi wao jike anamchagua dume kwa rangi. Ziwa Victoria, watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, samaki jamii hiyo hiyo hawaonani vizuri, wanachanganyikana, na aina zinapotea kimya kimya.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii moja: nyasi iliyokatwa vizuri mtalii anayo kwao, tena nzuri kuliko yetu. Demasoni hana. Ninyi mnataka tuhatarishe ambacho hana ili tumuuzie alichonacho. Biashara gani hiyo? Hata mama ntilie hapa nje ya geti hawezi kuifanya.

Na kama shida ni mashimo, jamani, Mmatengo ana mashimo! Panda Mkumbi, panda huko Umatengo kwote, utakuta ngoro mteremko mzima. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari ya mraba, zinafukiwa kwa udongo wa katikati, shimo linabaki pale. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni na udongo haushuki, nyasi zinaoza zinakuwa mbolea. Mababu wamefanya hivyo zaidi ya miaka mia moja, maharage na mahindi yanaota mahali ambapo mbuzi anateleza. Mtu wa Ulaya atalipa kuona hilo, akalala kwa mama mkubwa wa mtu, akanywa kahawa iliyokaangwa pale pale. Kesho yake anateremka kilomita 66 za lami toka Mbinga hadi Mbamba Bay, anaingia majini na kijana wa pale anayeijua miamba. Hiyo ni ajira pia, tena haimhamishi mtu.

Mwisho, la muhimu kuliko yote, hasa kwa mnaorudi likizo vijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na haifiki hekta 250, mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Uwanja wa gofu peke yake hauzifikii hizo 250. Yaani anayeamua ni bibi yako na shangazi yako wakinyoosha mkono, sio mwenyekiti peke yake na soda zake. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Chapeni vifungu hivyo, mpeleke nyumbani, muwasomee wazee kabla mgeni hajafika na brosha inayong'aa. Akishafika na brosha, tutakuwa tumechelewa.

Mwenye hoja ya kuipinga hii aje kantini tubishane, chai naninunua mimi kama bumu limeingia. Akileta "lakini Dubai wanacho", ajinunulie mwenyewe.

Nawasilisha.