Usingoje utumbo uzibe ndipo umtafute daktari wa upasuaji

Msomaji, ukiambiwa kwamba una ugonjwa wa Crohn na kwamba yafaa kipande cha utumbo wako kikatwe, huenda swali lako la kwanza likawa: "Je, nitapasuliwa tumbo lote ama nitatobolewa tu?" Si swali baya. Lakini kwa maoni yangu, jibu lake hutegemea sana siku utakayokubali kuingia chumba cha upasuaji.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka wa 1932 na Burrill Crohn na wenzake wawili wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Kinga ya mwili huugeukia utumbo, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Utumbo hufura, ukuta wake ukawa mnene na njia ya chakula ikabana. Mgonjwa huumwa na tumbo, huhara na kukonda. Hapa kwetu ni lazima kifua kikuu cha utumbo kitafutwe kwanza, kwani nacho hupenda mahali pale pale na dalili zake hufanana. Ole wake atakayepewa dawa za kushusha kinga ilhali ana TB!

Katika upasuaji wa matundu, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, kisha kamera na vyombo vyembamba vikapitishwa. Kipande kibovu hutolewa kupitia mkato mdogo, mara nyingi karibu na kitovu. Maumivu huwa machache, mgonjwa hurudi nyumbani mapema, na hatari ya kupata ngiri kwenye kovu hupungua. Kwa mwenye Crohn faida hii ni kubwa zaidi, maana kisu hakiuponyi ugonjwa huu. Mara nyingi hurudi hapo hapo utumbo ulipoungwa, na miaka ikipita huenda akapasuliwa tena. Afadhali basi tumbo liwe na makovu machache.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyoahirisha. Jamaa hufanya kikao baada ya kikao, mgonjwa akimeza steroidi mwezi baada ya mwezi huku kilo zikipungua. Hatimaye anapelekwa hospitalini usiku, utumbo umeziba, jipu limefanyika ndani, pengine fistula imetoboa hadi kwenye kibofu. Hapo daktari mara nyingi hana budi kupasua tumbo wazi, na huenda mgonjwa akaamka akiwa na mfuko wa choo ubavuni. Halafu watu husema upasuaji ndio uliomharibu!

Mwaka wa 2017 madaktari wa Uholanzi na Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 143 ambao ugonjwa ulikuwa umeshika kipande kifupi tu na dawa za kawaida zikashindwa. Baadhi walikatwa kwa njia ya matundu, wengine wakapewa infliksimabu, dawa ghali ya kutiwa mshipani. Baada ya mwaka mmoja hali zao za maisha hazikutofautiana sana. Walipofuatiliwa kwa miaka ipatayo mitano, karibu nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamekatwa utumbo hata hivyo. Miongoni mwa waliopasuliwa mwanzoni, hakuna aliyehitaji kukatwa tena. Kwetu sisi ambao dawa kama hiyo huweza kununuliwa kwa harambee, habari hizi si ndogo.

Sisemi kila mgonjwa akimbilie kisu. Utumbo haumei tena, na ugonjwa ukiwa umetapakaa sehemu nyingi, kukata kote ni kumwacha mtu bila mahali pa kusharabu chakula. Sehemu zilizobana huweza kupanuliwa bila kuondolewa. Wala daktari anayeanza na matundu kisha akaamua kupasua wazi hajashindwa kazi. Mimi ningemwogopa zaidi yule anayeng'ang'ania kamera ilhali haoni vizuri.

Kabla ya kutia sahihi, muulize atakata sentimita ngapi, amewafanyia wangapi upasuaji kama huo, na kama steroidi zaweza kupunguzwa nawe ukalishwa vizuri kwanza. Na ikiwa wavuta sigara, iache sasa: wavutaji ndio ambao ugonjwa huu huwarudia zaidi baada ya kukatwa, hata matundu yakiwa madogo namna gani.