"Hana Mdomo" Si Sifa ya Mke



Mtu akitafutiwa mchumba, sifa ya kwanza utakayoisikia ni hii: "Mtoto mpole yule, hana mdomo." Mimi naikataa sifa hiyo, na shahidi wangu ni Bi Kidude.

Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo, Unguja, mtoto wa muuza nazi. Akiwa na miaka kama 13 aliozwa bila ridhaa yake, akakimbilia bara. Miaka ya 1930 yuko Dar es Salaam anaimba taarabu. Miaka ya 1940 akarudi Unguja, akapata kijumba chake cha udongo, akala jasho lake: ngoma, unyago, hina. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na 2006 ikatoka filamu ya maisha yake, As Old as My Tongue. Akiulizwa umri hakutaja mwaka, alitaja enzi za rupia. Muulizaji akajihesabie mwenyewe! Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Najua mtaniambia: alivuta sigara, alikunywa pombe. Kweli, wala hakuficha. Hilo simuigi wala silitetei, hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini anayenitolea sigara ya bibi kila nikitaja ndoa aliyoikimbia, ananikwepa. Swali langu ni moja: nani alimkosea yule mtoto wa miaka 13?

Wengine husema dini ndiyo inayotaka kimya. Haya, tuje kwenye dini. Mtume (S.A.W.) ameelekeza bikira aombwe idhini, na idhini yake ni kunyamaza. Tunashika "kunyamaza" tunaruka "aombwe". Kimya cha mtu ambaye hajaulizwa si jibu. Na Khansaa bint Khidham alipoozwa na baba yake asikotaka, alikwenda kwa Mtume akasema, na ndoa ile ikabatilishwa. Hakuambiwa ana mdomo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Masaki, Kisarawe. Aliletwa kwangu bibi harusi. Nauliza mikono iweje, anajibu shangazi. Nauliza shingo, anajibu wifi. Nilipokuwa nampima kiuno nyuma ya pazia nikamnong'oneza: "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka nini?" Akaniambia hajaulizwa gauni, wala huyo bwana hajaulizwa. Nikamwita mama yake pembeni nikamweleza. Kazi ile nikanyang'anywa, kitambaa kikaenda kwa fundi mwingine. Sijutii, ila yule binti simsahau.

Kwa hiyo masomo, makungwi, mama zetu: mnamfundisha mwali kupika, kujifukiza udi, kumpokea mume. Mfundisheni pia kusema "sitaki" kwa adabu. Ulimi wenye adabu haumvunjii mtu nyumba. Kinachovunja nyumba ni kinyongo cha miaka kumi kilichofunikwa kwa tabasamu.

Na wewe bibi harusi, mahari ni haki yako, itaje mwenyewe. Walii wako akija kukuuliza, jibu. Asipokuja, mfuate wewe, kabla shehe hajaketi na wali haujapakuliwa.

Wabillahi tawfiq.