TENDO KWANZA, JINA BAADAYE

Sisi ni makarani wa mgodi, watu wa daftari na kalamu. Lakini liko neno moja ambalo limekaa mioyoni mwetu siku nyingi, na leo twalitoa mbele yenu ili kila mmoja alipime. Mtu akikamatwa kwa kushukiwa ugaidi, ashitakiwe namna gani, aitwe nani, na apewe adhabu gani?

Tuanze na kazi yetu tunayoijua. Mgodini, mfanyakazi akikosa, karani hawezi kuandika tu kwamba fulani ni mtu mbaya, kisha akamkata mshahara. Mtu huyo hupewa karatasi ya kuombwa maelezo: siku gani, saa ngapi, mahali gani, umefanya nini. Naye hujibu kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo mkubwa huamua. Hayo yote ni kwa mtu aliyechelewa saa moja. Je, mtu anayeweza kunyang'anywa uhai wake aulizwe maneno machache kuliko yule aliyechelewa kazini? Shuleni kwa mapadre tulifundishwa kwamba anayeandika jibu kabla ya kufanya hesabu hapati alama, hata jibu likiwa sawa.

Katika Katanga yetu jina limeua watu wengi. Tarehe 9 Desemba 1941, hapo Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi, na karani mwenzetu Léonard Mpoyi akafa siku ile. Wao walitaka mshahara, lakini Bulamatari aliona uasi. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa katika mji ule ule wakauawa usiku ule ule, pasipo shitaka kusomwa wala zuzi kusikiliza.

Tusifikiri kwamba mambo hayo yaliisha na wazungu au na wazee wetu. Kaskazini mwetu, kando ya ziwa Mweru, uko mji wa Kilwa. Katika Oktoba 2004 kundi dogo la waasi liliingia Kilwa, na jeshi likaja kuurudisha mji. Raia zaidi ya 70 waliuawa, na wengine wao waliuawa wakiwa wamekwisha kukamatwa. Kesi ilikwenda mbele ya mahakama ya kijeshi Lubumbashi. Tarehe 28 Juni 2007 washitakiwa waliondolewa hatia ya makosa ya vita ya Kilwa, na vifo vile vikahesabiwa kuwa matokeo ya mapigano tu. Angalieni basi nguvu ya jina. Aliyekufa akiisha kuandikwa muasi, mjane wake hana mlango wa kubisha. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 2017 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulipotangazwa, kwamba Serikali ilikuwa na hatia na iwalipe waliodhulumiwa.

Wengine watasema: Nyinyi makarani mnawatetea wauaji. Hapana, ndugu. Sisi twawajua Bakata-Katanga. Twajua kwa nini nchi ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni, na wengine hawakurudi. Mwenye kutenda hayo lazima ajibu. Lakini tutazame namna Serikali ilivyomfanyia mkubwa wao.

Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa huko Mitwaba katika Mei 2006. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kipushi tarehe 5 Machi 2009 kwa makosa ya vita, makosa dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi, ikampa adhabu ya kifo. Hakuuawa, wala hakukaa kifungoni. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kassapa, naye akatoroka pamoja na wafungwa zaidi ya 900. Oktoba 2016 akajitoa tena, na safari hii Lubumbashi ikampokea kwa sherehe, wakubwa wakiwapo, naye akawekwa katika nyumba. Machi 2020 akatoweka tena siku ya mapigano mjini. Sasa twauliza: mjane wa Mitwaba alipata nini katika maneno yale makubwa yote? Hukumu ya kifo ilisomwa kwa sauti kubwa, na baadaye aliyehukumiwa akapigiwa makofi. Lakini kijana wa kijijini akikutwa njiani bila karatasi, akiwa amefunga kitambaa chekundu, huyo hana wa kumpigia makofi. Anaweza kufia pale pale njiani kwa jina tu.

Methali yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sisi wa Luapula ni watu wa samaki, na twasema kwamba methali hiyo haijapata kufika sokoni kwetu. Mama wa Kasenga hamwagi kikapu kizima. Hukaa chini, hushika mmoja mmoja, hunusa, hutazama macho na mashavu, huweka mbali aliyeoza. Kazi hiyo yachosha, lakini ndiyo inayolisha nyumba. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema vile vile katika kifungu cha 17: kosa ni la mtu mwenyewe, asikamatwe kwa tendo la mwingine, na ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Kwa hiyo twasema mambo matatu.

La kwanza, shitaka. Mtu ashitakiwe kwa tendo: ameua nani, amechoma nyumba ya nani, amemtia mtoto wa nani katika vita, siku gani. Sheria yetu ina majina ya matendo hayo yote. Mwendesha mashitaka akitaka kuongeza neno ugaidi, alithibitishe hilo nalo kwa ushahidi. Na raia apelekwe mbele ya zuzi wa raia, kwa maana kifungu cha 156 cha Katiba chaweka mahakama za kijeshi kwa makosa ya askari na polisi.

La pili, jina. Kabla ya hukumu, mtu ni mshitakiwa, basi. Asiketishwe chini ya jua mbele ya kamera, akitangazwa kuwa gaidi na mkubwa ambaye si zuzi. Asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 pasipo kupelekwa kwa wenye sheria, na awe na avoka. Mtoto aliyepewa panga na watu wazima aangaliwe kwa sheria ya watoto ya tarehe 10 Januari 2009.

La tatu, adhabu. Machi 2024 Serikali iliondoa kizuizi kilichokuwa kimesimamisha kuua waliohukumiwa tangu 2003. Twasikitika. Tarehe 13 Septemba 2024 mahakama ya kijeshi Kinshasa iliwahukumu watu 37 kufa, ugaidi ukiwa mmoja wa mashitaka. Kati yao walikuwako Wamarekani watatu. Aprili 2025 hao watatu walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, wakarudishwa kwao. Hatuwaonei wivu kwa kupona. Lakini kama adhabu ya kifo inaweza kulegea mbele ya pasipoti, basi si mizani ya haki. Mwuaji afungwe miaka mingi, katika gereza lisilovunjwa, asisamehewe kwa mapatano ya wakubwa, na waliodhulumiwa walipwe. Kifungo kinachotimizwa ni kizito kuliko kifo kinachosomwa tu. Na zuzi akigundua kesho kwamba alikosea, aliye gerezani aweza kufunguliwa, bali aliye kaburini hafunguliwi.

Ndugu, daftari la mgodi likikosewa, karani hupiga mstari akaandika upya. Daftari la watu halina mstari huo. Kesho anayeshukiwa anaweza kuwa ndugu yako aliyetoka kununua samaki, akasimamishwa kizuizini njiani. Utataka aulizwe nini kwanza: amefanya nini, au anaitwa nani?

Sisi makarani wa mgodi,
Kasenga.