Ni Nani Amlipaye Mshindi?



Bao la Kiswahili lina kete 64. Kila mchezaji huwa na kete zake 32, na tangu mchezo uanzapo hadi uishapo hakuna kete inayozaliwa. Kila anayoiteka mmoja ndiyo iliyomtoka mwenzake. Wataalamu wa hesabu huuita mchezo wa namna hii mchezo wa jumla sifuri: ukijumlisha alichopata mshindi na alichopoteza mshindwa, jibu ni sifuri. John von Neumann aliandika juu ya hesabu ya michezo hiyo mwaka 1928, na mwaka 1944 akatoa pamoja na Oskar Morgenstern kitabu kizima juu ya nadharia ya michezo. Wazee wetu wa barazani hawakuhitaji kukisoma. Walijua tangu zamani kwamba kete ya bao haizai.

Bao halina ubaya. Mchezo ukiisha kete hurudishwa, wawili hao hucheka, na kila mmoja huenda nyumbani na mali yake yote. Lakini siku hizi umeenea miongoni mwetu mchezo mwingine ambao kete zake ni ada ya mtoto, fedha ya mbegu, na hesabu ya jioni ambayo kijana wa bodaboda alipaswa kumpelekea mwenye pikipiki. Tunasema juu ya kamari ya kubashiri matokeo ya mpira. Zamani mcheza kamari alilazimika kwenda mahali fulani na kuonekana na watu. Leo mkeka husukwa kwenye simu, usiku, kitandani, na fedha huondoka bila mke wala mzazi kujua.

Hatuandiki ili kuwahukumu vijana. Asiye na kazi, wala shamba, wala mtu wa kumshika mkono, akiambiwa kwamba shilingi elfu moja yaweza kugeuka milioni, ni rahisi kuelewa kwa nini husikiliza. Lakini haki yadai aambiwe ukweli wote, na ukweli huanza kwa swali moja: fedha ya mshindi hutoka wapi?

Tuchukue mfano mwepesi. Timu mbili zinalingana kabisa kwa nguvu, hivi kwamba ushindi wa mwenyeji, ushindi wa mgeni na sare vina nafasi sawa, moja kati ya tatu. Watu watatu wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, na kila mmoja anachagua tokeo lake. Zimekusanyika shilingi 3,000. Kama mchezo ungekuwa wa haki tupu, aliyebashiri sawa angechukua zote 3,000. Lakini kampuni haikufungua duka ili kuwafurahisha watu. Imetangaza kwamba itazidisha dau kwa 2.7. Mshindi analipwa 2,700, nazo 300 zinabaki mezani kwa mwenye meza. Yeyote atakayeshinda, kampuni imekwisha kupata.

Tazameni vema, ndugu. Faida ya 1,700 ya mshindi imetoka katika mifuko ya wenzake wawili. Hakulima, hakufuma, hakumhudumia mtu. Na ukijumlisha wachezaji wote watatu, jumla yao si sifuri tena, bali ni hasara ya shilingi 300. Kwa hiyo kamari hii haifiki hata kuwa mchezo wa jumla sifuri. Ni bao ambalo kila raundi mtu wa tatu hupita na kuchukua kete chache, akazitia mfukoni. Wachezaji wakiendelea kucheza, kete zitakwisha, ajapokuwa fundi yupi kati yao.

Hasara hiyo hukua kadiri mkeka unavyorefuka. Chukua mechi kumi za namna ile ile, zote ziungwe katika mkeka mmoja wa shilingi 1,000. Malipo yatakuwa 2.7 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani zaidi kidogo ya shilingi milioni 20. Kijana huliona tarakimu hilo na moyo humdunda. Lakini nafasi ya kupatia mechi zote kumi ni moja kati ya 59,049. Malipo ya haki kwa bahati iliyo adimu hivyo yangekuwa shilingi milioni 59. Anayejiona amepewa milioni 20, kwa kweli amepunjwa zaidi ya milioni 38. Na wale wenye mikeka 59,048 iliyochanika hawakupewa chochote.

Wengine hukimbilia zawadi kubwa ya kubashiri mechi 13 kwa mkupuo. Matokeo yawezekanayo ya mechi hizo ni 1,594,323. Mpenzi wa soka atatujibu kwamba yeye habahatishi, anazijua timu. Tukubali hoja yake, tena tumkirimu: tuseme anazijua kiasi cha kupatia mechi moja kati ya kila mbili. Hata hivyo nafasi yake ya kupatia zote 13 ni moja kati ya 8,192. Akicheza mkeka mmoja kila wiki bila kukosa, atahitaji kwa wastani takriban miaka 157 ili ashinde mara moja. Wajukuu wa wajukuu zake ndio watakaongoja matokeo.

Mbona basi watu wenye akili timamu huendelea? Kwa sababu bahati ina namna ya kuidanganya akili, na yafaa tuzitaje hila zake kwa majina.

Hila ya kwanza ni kuamini kwamba bahati ina deni. Mtu aliyeshindwa mara tisa husema ya kumi ni zamu yake. Tarehe 18 Agosti 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gololi ya gurudumu la namba iliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kila nyeusi ilipotokea tena, watu walizidi kumwaga fedha juu ya nyekundu wakiamini kwamba sasa haina budi kuja. Walipoteza fedha nyingi sana. Gololi haina kumbukumbu. Haikujua ilikoangukia dakika iliyopita, wala haikuwa na huruma kwa waliokwisha kupoteza.

Hila ya pili ni kuhesabu kukosa kidogo kama nusu ya kushinda. “Timu moja tu ndiyo iliyonichania mkeka!” Maneno hayo husemwa karibu kwa fahari. Lakini aliyekosa mechi moja na aliyekosa zote kumi wamelipwa sawasawa, yaani hawakulipwa kitu.

Hila ya tatu ni kuona washindi tu. Picha ya aliyeshinda huwekwa barabarani, akitabasamu na hundi kubwa mikononi. Je, ni nani aliyekwisha kuona bango lenye picha ya mama aliyekuta akiba ya ada haipo? Kama picha za walioshindwa zingebandikwa kwa kadiri ya hesabu yao, kuta za mji mzima zisingetosha.

Yafaa tukumbuke kwamba hesabu ya bahati yenyewe ilizaliwa kutokana na swali la haki. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya jambo hili: watu wawili wameweka dau sawa, na atakayetangulia kushinda mara tatu atachukua vyote. Mchezo umekatizwa kabla ya mwisho, mmoja akiwa ameshinda mara mbili na mwenziwe mara moja. Wagawane vipi bila kudhulumiana? Pascal alitoa mfano wa sarafu 32 kwa kila mmoja, jumla 64. Kama wangecheza mara moja zaidi na wa kwanza akashinda, angechukua 64. Kama angeshindwa, wangekuwa sawa na kupata 32 kila mmoja. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, nazo 32 zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu. Wa kwanza apate 48, wa pili 16. Elimu iliyoanza kwa kutafuta kila mtu apewe haki yake, leo hutumiwa na wenye meza kupanga malipo ambayo daima yatapungua kuliko haki.

Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 2413 kwamba michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa yenyewe. Inakuwa mibaya inapomnyima mtu kile anachokihitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea, nayo yaweza kumfanya mtu mtumwa. Kipimo hicho ni wazi. Bahati nasibu ya parokia kwa ajili ya kuezeka zahanati, ambayo mtu hununua tiketi moja akijua kwamba anachangia, ni jambo moja. Mshahara ulioliwa na simu kabla haujafika nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Wapo wanaojibu kwamba makampuni haya hulipa kodi na kufadhili michezo. Hulipa, ndiyo. Lakini tumekwisha kuona fedha hiyo ilikotoka. Kodi inayokusanywa kutoka tumaini la maskini ni kodi ambayo maskini ameilipa bila kujua. Tena, mtoto akikosa shule na mgonjwa akikosa dawa kwa sababu fedha iliishia kwenye mkeka, Serikali hiyo hiyo na jamii hiyo hiyo ndizo zitakazobeba mzigo. Anayehesabu mapato na asihesabu majeraha hajamaliza hesabu.

Sasa tuangalie mchezo mwingine, ambao akina mama wa Jumuiya zetu wameucheza miaka mingi. Wao pia huuita “mchezo”. Wanawake kumi hutoa shilingi 10,000 kila mmoja kila wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea 100,000. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa laki moja na kupokea laki moja. Hakuna aliyenyang'anywa. Lakini aliyekuwa hawezi kamwe kushika laki kwa mkupuo ameishika, akanunua cherehani au gunia la mchele la kuuza. Katika VICOBA wanachama huenda mbele zaidi: akiba hukopeshwa, mkopo huzaa biashara, na ziada hurudi kwa wote. Hapo kete huzaa. Kupata kwa mmoja ni usalama wa mwenzake, maana aliyefanikiwa ndiye atakayerejesha mkopo wangu upate kutoka.

Hapa ndipo tunapoliona kosa kubwa zaidi la nyakati zetu. Mchezo ambao wote pamoja hupoteza tunauendea kana kwamba kila mtu aweza kushinda. Nayo maisha ya pamoja, ambamo wote wangeweza kupata, tunayaendea kana kwamba ni bao la kutekana. Jirani akijenga, twaona ametupunguzia. Kijiji cha pili kikipata kisima, twasema tumenyimwa. Wakati wa uchaguzi twaambiwa kwamba wale wakishinda sisi tumekwisha, kana kwamba barabara na shule zina kabila au dini. Mtu aliyezoea kuamini kwamba lazima mwingine alie ili yeye acheke, hawezi kuwa mjenzi wa amani, hata akiimba vizuri namna gani siku ya Dominika.

Basi yatupasa tutende. Wazazi, zungumzeni na watoto wenu kwa hesabu na si kwa matusi: kaeni na kijana, mchukue kalamu, mwandike pamoja alichoweka na alichopata kwa miezi mitatu. Karatasi hiyo itahubiri kuliko sisi. Viongozi wa Jumuiya, msimtenge aliyenaswa. Aone aibu ya kutosha, asiongezewe, bali apate mtu wa kumtunzia fedha na mahali pa kusema ukweli. Walimu wa vijana, anzisheni vikundi vya akiba ambamo hata mwenye shilingi 500 ana nafasi. Nao wenye mamlaka tunawaomba wahakikishe kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 hafikiwi na michezo hii, na kwamba matangazo yaonyeshe nafasi ya kushinda kwa tarakimu, kama vile chupa ya dawa inavyoonyesha kipimo.

Kwa majadiliano katika Jumuiya tunapendekeza maswali matatu. Katika nyumba zetu, ni fedha ya kazi gani inayokwenda kwenye kubashiri? Je, kijana wa mtaa wetu akitaka kuanza kazi ya halali, atapata kwetu mtaji kwa urahisi kama anavyopata mkeka kwenye simu? Na ni wapi tumekataa kumfurahia jirani kwa sababu tulidhani kupata kwake ni kupoteza kwetu?

Swali la pili ndilo zito. Tusipokuwa na jibu, meza ya kamari itaendelea kuwajibu vijana wetu kwa niaba yetu.