Mabaki ya Karakana Nayo ni Amana

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huo tumezoea kuutumia kwa vyombo vya baharini, lakini unauhusu muziki pia. Msikilizaji huupokea wimbo ukiwa umekwisha kushushwa majini. Mbao zilizopasuka fundi akiwa kazini hazioni, na aghalabu hajui kwamba zilikuwapo.

Mwaka 2002 Chris Connelly, mwimbaji mzaliwa wa Edinburgh, Uskochi, alizitoa mbao zake hadharani. Mkusanyo wake, Initials C.C., ulitolewa na kampuni ya Invisible ya Chicago, mali ya mpiga ngoma Martin Atkins. Ndani yake mna nyimbo zilizoachwa nje, nyimbo adimu, na zile azipendazo mwenyewe, tangu 1982, mwaka aliotimiza umri wa miaka 18, hadi 2002. Hiyo ni miaka 20 ya jasho.

Connelly hakukaa katika chombo kimoja. Ujanani alikuwa katika bendi ya Fini Tribe huko kwao Edinburgh. Kisha alivuka bahari hadi Chicago, akaimba na Revolting Cocks na Ministry, bendi zilizoupa nguvu muziki uitwao wa viwandani: muziki wa ngoma za mitambo, magita ya kukwaruza na vipande vya sauti vilivyonaswa huku na kule. Sauti yake imo katika santuri ya Ministry ya mwaka 1989, The Mind Is a Terrible Thing to Taste. Miaka miwili baadaye alitoa Whiplash Boychild kwa jina lake mwenyewe, na humo akashika njia nyingine ya uimbaji wenye utulivu zaidi. Mtu aliyepita njia nyingi kiasi hicho hawezi kufahamika kwa santuri moja.

Wako watakaosema kwamba mikusanyo ya namna hii ni hila ya wafanyabiashara: kampuni hufagia sakafu, ikayafunga mavumbi katika karatasi nzuri, ikamwuzia mpenzi yule yule mara ya pili. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatuikani. Lakini yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyechagua. Mfanyabiashara achaguapo, hutazama faida. Mtenda kazi achaguapo mwenyewe, hutoa hesabu ya kazi yake, pamoja na yale yaliyomshinda. Kule ni kujikosoa mbele ya watu, na ni wachache wenye ujasiri huo.

Aidha, kuna jambo zito zaidi. Santuri za mwanzo za Revolting Cocks, na hiyo Whiplash Boychild, zilitolewa na kampuni ya Wax Trax!, iliyoanzishwa na Jim Nash na Dannie Flesher kutokana na duka lao la santuri. Walikuwa watu wenye mapenzi ya kweli na muziki, na mapatano yao mengi na wasanii yalifungwa kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilifilisika, ikaangukia mikononi mwa kampuni nyingine, TVT ya New York. Kampuni ikianguka, kanda hupata mabwana wapya wasiojua ni nani aliyekesha kuzitengeneza. Nyimbo mashuhuri hazikosi mlezi, kwa kuwa zinauzika. Zile zisizouzika ndizo hupotea kwanza, nazo ndizo zitufundishazo jinsi fundi alivyojifunza kazi.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Msanii asingoje uzee, wala asiingoje kampuni imkumbuke. Azikusanye kanda zake angali na nguvu za kukumbuka ni nani alipiga nini, wapi na mwaka gani, na haki zake aziweke katika maandishi. Nasi wasikilizaji tusiidharau kazi isiyokamilika, maana ndiyo iliyoizaa ile tuisifuyo. Kazi ya mtu ni amana, na amana haitunzwi kwa kuchagua yale yenye faida tu. Akiba, tunaambiwa, haiozi. Lakini kanda iliyosahauliwa ghalani huoza.